Raptor 700 mchangani: kona inakatwa na mwili

Ukikodi Yamaha Raptor 700, pikipiki ya magurudumu manne, kwenye matuta ya mchanga kule Dubai, usiiendeshe kama bodaboda. Ekseli ya nyuma ni moja, haina difu, kwa hiyo matairi yote mawili huzunguka kwa kasi moja na mashine hung'ang'ania kwenda mbele hata ukikata usukani. Inua makalio kwenye siti, egemea upande wa ndani wa kona, kandamiza kikanyagio cha nje. Itakata. Mafuta unasukuma kwa kidole gumba, nacho huchoka upesi kuliko unavyodhani. Injini ya cc 686 haitaki papara: panda tuta kwa mwendo ule ule, ukikaribia kilele punguza, maana upande wa pili huenda ni mporomoko mtupu.