Kusimamisha nguzo za banda la gari juu ya mawe ya Goma

Miongozo mingi ya banda la gari huanza na "chimba shimo la sentimita 80". Aliyeandika hivyo hajawahi kushika mtaimbo hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Parsela yangu, yaani kiwanja changu, iko juu ya lava iliyoshuka toka volkeno ya Nyiragongo Januari 2002, na ukikuta udongo wa kina cha kiganja, umebahatika.

Banda langu la kwanza nililisimamisha kwenye vishimo vya sentimita 25 nilivyojaza mawe. Jioni moja upepo wa ziwani ukaingia chini ya mabati, ukainua paa lote, nguzo zikang'oka kama mihogo. Hapo nikaelewa: banda lisiloegemea nyumba halizami kwenye mwamba huu, linaruka. Kazi yetu ni kulifunga chini.

Vifaa. Kwa gari moja dogo, mita 3 kwa 5, nguzo sita za mkaratusi zenye unene wa sentimita 12 hadi 15, tatu kila upande. Ziwe zimekauka, mbichi hupasuka na kujipinda. Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inazileta zote. Ongeza mifuko mitatu ya simenti ya kilo 50, nondo za milimita 12 na bidoni za maji za kutosha, maana bomba hukauka siku ile ile ya zege.

Hatua ya 1: pima. Vigingi haviingii kwenye jiwe, kwa hiyo funga kamba kwenye mawe mazito. Pima toka pembe hii hadi ile ya mkabala, kwa njia zote mbili: ukipata mita 5 na sentimita 83 kote, umepatia.

Hatua ya 2: sikiliza mwamba. Wengi huiruka hatua hii. Lava ilipopoa iliacha mapango chini ya ganda. Gonga kwa nyundo nzito pale nguzo itakaposimama. Mlio mkali, nyundo ikikurudi mkononi, ni jiwe zima. Mlio mzito kama wa ngoma ni utupu: vunja ganda, ujaze mawe na zege, au sogeza nguzo zote za mstari huo. Kisha ondoa changarawe yote nyeusi inayolegea.

Hatua ya 3: pandikiza nondo. Kila nguzo inataka matundu manne ya kina cha sentimita 20, mapana kidogo kuliko nondo. Ukikodi mashine na jenereta, ni kazi ya siku moja. Kwa tindo na nyundo, jiandae kwa wiki nzima na malengelenge. Puliza vumbi kwa mrija hadi litoke safi (fumba macho, mimi nililipia). Vumbi likibaki, simenti hushika vumbi, haishiki jiwe. Lowesha tundu, mimina simenti iliyokorogwa nzito kama uji, ndipo usukume nondo hadi uji upande juu. Acha sentimita 30 zitokeze, ncha zikunjwe. Usiziguse kwa siku tatu.

Hatua ya 4: dado (kitako cha zege) na kiatu. Tengeneza boksi la mbao la sentimita 40 kwa 40, kimo 35, ulikalishe kuzunguka nondo. Zege: ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za kokoto. Zege likiwa bado bichi, zamisha kiatu cha chuma chenye umbo la U, alichokuchomelea fundi, kikae sentimita 5 juu ya dado. Mti ukikaa ndani ya zege huozea pale pale maji yanapotuama. Juu ya dado lainisha kwa mteremko wa kuelekea nje. Paka chuma rangi ya kuzuia kutu, kwani mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno hula chuma haraka. Funika kwa magunia, uyaloweshe siku saba.

Hatua ya 5: simamisha. Chonga pande mbili za mguu wa nguzo ziingie kwenye kiatu, paka lami chini, kaza kwa buloni (bolti) mbili za milimita 12. Nguzo za mbele ziwe na kimo cha mita 2.60, za nyuma 2.30, za katikati 2.45. Pima kwa timazi pande mbili, kisha shikilia kwa mbao za muda.

Kiatu hakizuii banda kuyumba. Kila nguzo ipate mbao ya mshazari toka sentimita 60 chini ya boriti inayolala juu ya nguzo hadi kwenye boriti yenyewe, kwa upana na kwa urefu wa banda, kabla ya bati hata moja kupanda.

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekausha mti hadi ukanywea, rudi na spana. Buloni zangu zilikazika mzunguko mzima.