Kuchora uso mweusi kwa rangi za mafuta: anza na Juan de Pareja

Wengi wanaoanza kuchora mtu mweusi huchovya brashi kwenye nyeusi, wakaongeza kahawia, na uso unatoka kama umepakwa masizi. Ninaowafundisha huwapa kwanza picha ya Juan de Pareja, ambayo mchoraji Mhispania Diego Velázquez aliichora Roma mwaka 1650. Pareja alikuwa mtumwa wake na msaidizi wake wa kazi. Picha iko Metropolitan Museum, New York. Ifungue mtandaoni, ikuze mpaka uone michirizi ya brashi.

Usianzie kwenye turubai jeupe. Lipake kijivu chenye kahawia, liache likauke. Juu ya jeupe kila rangi ya ngozi huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utaikimbilia nyeupe bila sababu. Mkalishe mtu wako karibu na dirisha moja, taa zizimwe.

Kivuli kichanganye kwa kahawia iliyokolea na bluu kidogo. Ngozi yenyewe ni nyekundu ya udongo na njano ya udongo, kahawia ikizishika pamoja. Kazi ngumu iko kwenye mwanga. Ukitia nyeupe tupu ngozi inapauka, inakuwa ya mtu mgonjwa. Ipashe joto kwa njano kwanza. Sasa tazama paji la uso la Pareja: pale panapong'aa, rangi imewekwa ikaachwa. Nawe weka mara moja, usisugue. Mimi hapo hutia tone la bluu, maana mwanga wa dirisha ni wa baridi, yaani una bluu ndani yake.

Nywele ziache zizame kwenye rangi ya nyuma. Kola ya lesi ya Pareja usiihesabie vitundu. Velázquez kaivuruga kwa brashi nyepesi, na ukirudi nyuma hatua chache unaona lesi kamili.

Macho yacheleweshe. Pareja anakutazama usoni, kichwa juu, hali mchoraji ndiye aliyemmiliki. Tarehe 23 Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Mtu wa namna hiyo hachorwi kwa haraka.

Ukishainakili picha hiyo ya Pareja, tafuta mchoro *Wito wa Mtakatifu Mathayo*, aliouchora Pareja mwenyewe mwaka 1661, uliopo makumbusho ya Prado, Madrid. Amesimama kushoto kabisa, ameshika karatasi yenye jina lake, na ngozi kaichora nyeupe kuliko ile ya Roma. Nakili uso huo pia, kwa rangi zilezile, uone ni ipi aliyoipunguza.