Kusoma Biblia kila siku bila kukwama Walawi

Mara tatu nimeanza mpango wa kuimaliza Biblia kwa mwaka, na mara zote tatu nikakwama Mambo ya Walawi. Sura 1,189 kwa siku 365 ni sura tatu na ushee kila siku. Ukiugua siku mbili tu, deni limeshapanda. Siku hizi nasoma kidogo, hivi.

1. Chagua kitabu kimoja. Injili ya Marko inafaa: sura 16, na mambo yake yanakwenda mbio. Ufunuo usubiri.

2. Tenga dakika 15 baada ya jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa, kama kupiga mswaki. Ukisomea kwenye simu, zima data.

3. Soma kisa kimoja, mara mbili. Mara ya pili kwa sauti. Sikio hunasa yale ambayo jicho limeyaruka.

4. Tafuta kinachokukwaza. Hapa usiwe na haraka. Chukua Marko 4:35-41. Dhoruba imevuma, maji yanaingia chomboni, Yesu yuko shetri, yaani nyuma, amelala juu ya mto. (Mto wa kulalia! Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mto wa maji, nikaona huo nao ni muujiza.) Sasa sikiliza wanafunzi wanavyomwamsha. Hawamwombi atulize upepo. Wanamuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Hiyo ni lawama, tena ya watu waliolowa chapachapa. Naye anaikemea dhoruba kwanza, ndipo anawauliza habari ya woga wao.

5. Andika swali moja, na siku hiyo usilijibu. Daftarini niliandika: "Je, lawama nayo ni sala?" Nilikaa nalo wiki nzima, hadi nilipofika Zaburi ya 13, ambayo katika aya mbili za mwanzo inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Halikuwa jibu kamili, lakini nilijua sikuwa wa kwanza kuuliza. Swali liwe lako kweli. "Tunajifunza nini hapa?" ni swali la kipindi cha dini, na utalijibu kama mwanafunzi anayetafuta alama.

6. Liombee swali hilohilo. Sentensi mbili zinatosha. Baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko 9 alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake.

7. Mara moja kwa wiki, mpelekee mtu swali lililogoma: mchungaji, katekista, au rafiki asiyeogopa kusema "sijui". Vitabu vya ufafanuzi vina kazi yake, ila ukianza navyo utaishia kukariri maswali ya wengine.

Ukikosa siku, usirudi kulipa. Fungua palipo na alama, usome cha leo.