Gia za otomatiki zinapoingia kwa kishindo: pima kabla giaboksi haijashushwa

Hapa Goma, gari otomatiki likianza kupiga teke kila gia inapobadilika, ushauri unaokuja haraka ni kushusha giaboksi na kutafuta nyingine ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika. Usikubali bado. Kwenye gari lenye miaka 20 na zaidi, kishindo kinaweza kutoka kwa mafuta yaliyopungua, saporti ya injini iliyokatika au kebo ya throto iliyokaza kupita kiasi, na vyote hivyo vinapimwa giaboksi ikiwa mahali pake. Ile ya okazio hujui imetoka kwenye gari gani wala ilitumia mafuta gani. Na kama ugonjwa haukuwa kwenye giaboksi, kishindo kitabaki palepale na pesa zimekwisha.

Jibu kwanza swali moja: kishindo kinatokea lini? Endesha injini ikiwa baridi, halafu ikiwa moto, na uandike. Kishindo cha kutoka P kwenda R au D gari likiwa limesimama kina sababu zake. Cha kati ya gia ya 1 na ya 2 kina zake. Injini ikipandisha mizunguko huku mwendo hauongezeki, huko ni kuteleza, na ni kubaya zaidi, maana kila inapoteleza klachi za ndani zinaungua. Gari la namna hiyo lisipakie mizigo mpaka lipimwe.

Mafuta ndiyo ya kwanza

Endesha kama dakika 20 giaboksi ipate moto, kisha simama mahali tambarare na uhakikishe hakuna tairi lililopanda jiwe. Kwa Toyota, acha injini ikinguruma, kanyaga breki, pitisha leva polepole kutoka P hadi L na uirudishe P. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Soma alama ya HOT. Ile ya COOL ni ya kukadiria tu. Honda nyingi ni kinyume: unazima injini kwanza, kisha unapima ndani ya dakika moja hivi.

Mafuta yakipungua, pampu inavuta na hewa, shinikizo linashuka, gia inachelewa halafu inaingia kwa nguvu. Yakizidi, vyuma vinavyozunguka vinayachapa mpaka yanatoa povu, na dalili zinakuwa zilezile. Kwa hiyo usiongeze kabla hujapima.

Giaboksi haichomi mafuta kama injini chakavu. Yakipungua, yamevuja mahali. Lala chini ya gari uangalie kartere ya giaboksi, yaani bakuli la bati linaloshika mafuta chini yake, na hapa Goma hili lina uzito wake: mawe ya volkano kwenye njia za Ndosho au Katoyi yanaipiga kila siku. Hata isipotoboka, kartere iliyobonyea inasogelea mdomo wa filta na kubana njia ya mafuta. Gari lililokuwa zima, likapigwa na jiwe, kisha likaanza kuchelewesha gia, shida yake inaweza kuwa bati lililobonyea tu. Ifungue, inyooshe au tafuta nyingine.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Jekundu angavu ni zima. Kahawia lisilonuka limechoka. Jeusi lenye harufu ya kuungua, na chenga zake zinabaki kama masizi tone linapoenea, ni klachi zinazokwisha. Likifanana na maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia; kwa kawaida yanatoka kwenye kipoza mafuta kilicho ndani ya radiateri. Radiateri inayojazwa maji matupu miaka mingi huoza kwa ndani. Likitokea hilo, simamisha gari siku hiyohiyo, kwa sababu maji yanabandua vitambaa vya klachi.

Ukiamua kubadilisha, toa kwa boliti ya chini na ujaze upya. Magari mengi madogo yatatoa lita 3 hadi 4 tu, huku giaboksi nzima ikibeba 7 au 8. Mengi ya yaliyobaki yako kwenye konveta, ile ngoma inayounganisha injini na giaboksi. Pima yaliyotoka kwa chupa na urudishe kiasi hichohicho, kisha pima tena kwa kijiti. Rudia baada ya kilomita 1,000 ukitaka yawe safi zaidi. Ukifungua kartere, tazama sumaku zilizomo: tope la kijivu laini ni la kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyochoma kidole ni habari mbaya. Boliti za kartere ni ndogo, kwenye Toyota nyingi zinafungwa kwa 5 hadi 8 N·m tu, na mikono mizito inaharibu nyuzi zake.

Aina ya mafuta si ya kubahatisha. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinatumia Dexron II au III, zilizofuata T-IV, za baadaye WS. Fielder na Allion nyingi za kuanzia 2007 zina CVT, yaani giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, yenye mafuta yake pekee. Ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaua mkanda. Mafuta ya injini hayaingii humo kabisa, hata kwa kufika nyumbani.

Vya nje ya giaboksi

Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu na kupeleka leva D, kisha R. Injini ikiruka sana upande mmoja, saporti imekatika. Angalia pia mizunguko injini ikiwa moto na gari limesimama: ikiwa 1,200 badala ya 700 au 800 hivi, kila ukiingiza D gari litashtuka hata giaboksi ikiwa mpya. Buji zilizochoka nazo hufanya injini ikwame kwenye mwinuko, na dereva anaisingizia gia.

Toyota za zamani zina kebo kutoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) hadi giaboksi. Mtu akikanyaga mafuta hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi cha kebo na mdomo wa mpira iwe 0 hadi 1 mm. Ikikaza kupita kiasi, gia zinachelewa na kugonga. Ikilegea, zinapanda mapema na kuteleza, na hapo klachi zinakufa kimya.

Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikipepesa yenyewe, kompyuta imehifadhi namba ya hitilafu. P0750 hadi P0758 zinaelekeza kwenye solenoidi za gia (valvu za umeme zinazobadilisha gia), P0500 kwenye sensa ya mwendo. Pima solenoidi kwa multimeta kabla ya kununua: zile za kuwaka na kuzima kwenye Toyota huwa na omu 11 hadi 15 zikiwa baridi. Cheki na waya, maana vumbi na maji hukaa kwenye soketi.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa: injini moto, breki imekanyagwa, hesabu muda tangu leva inapotoka N hadi gia ishike. Kwenda D isizidi sekunde 1.2, kwenda R isizidi 1.5. Ikizidi wakati mafuta ni kamili na kebo iko sawa, basi ndani kuna klachi zilizokwisha au shinikizo dogo, na sasa kushusha giaboksi kuna sababu.

Ikishushwa, simamia mambo mawili. Konveta ikae hadi mwisho kwenye pampu kabla boliti hazijakazwa, la sivyo pampu inavunjika. Na kipoza pamoja na mabomba yake vioshwe, kwa sababu chenga za giaboksi ya zamani zimebaki humo na zitaingia kwenye mpya mara injini ikiwashwa.