Kupanda kipandikizi siku ileile jino linapong'olewa

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokaa mfupani badala ya mzizi wa jino. Mkono uwe mwepesi kuanzia kwenye kung'oa. Jino la mbele la juu limeegemea, kwa upande wa mbele, ukuta wa mfupa ambao mara nyingi haufiki hata milimita 1. Ukilitikisa kwa koleo mbele na nyuma, ukuta unavunjika na kazi imekwisha kabla haijaanza. Mimi napitisha kisu chembamba kati ya mzizi na mfupa, pembeni na upande wa kaakaa, nakata nyuzi zinazoshika jino polepole, kisha nalizungusha jino kidogo kidogo. Nikitumia dakika 20 sijutii.

Kwangua tundu hadi uone mfupa safi unaovuja damu, halafu upapase ukuta wa mbele kwa kipimio. Ukikuta umetoboka, au usaha bado unatoka, usipande siku hiyo.

Kwenye kutoboa wengi tunakosea. Keekee hupenda kufuata tundu, na tundu limeelekea mdomoni. Kipandikizi changu cha tatu kilikaa mbele mno. Mwaka haukuisha fizi ikajikunja, weusi wa titani ukaonekana kila mgonjwa alipocheka. Siku hizi natoboa kwenye ukuta wa kaakaa na kupita ncha ya tundu kwa milimita 3 hadi 4, maana huko ndiko skrubu inakong'ata.

Kati ya skrubu na ukuta wa mbele iachwe nafasi ya milimita 2 au zaidi, ya kujaza chembe za mfupa. Natumia za ng'ombe zilizosafishwa, kwa kuwa mwili huzimeng'enya taratibu na umbo la fizi halibonyei. (Mwambie mgonjwa zimetoka kwa mnyama gani kabla ya ganzi, si baadaye.) Zilowanishe kwa damu ya tundu na usizishindilie: damu ikikosa pa kupita, mfupa mpya hauoti.

Ufunguo wa torki, unaopima skrubu imekazika kiasi gani, ukisoma niutoni-sentimita 35, waweza kuvalisha jino la muda, ila lisiguse la chini. Mng'atishe karatasi ya rangi, na penye alama paparuze. Isipofika hapo, weka kifuniko cha kuponyea.

Siku ya kwanza asisukutue, na sigara aiache kabisa. Jino la kudumu lisubiri miezi 3 hadi 6. Akirudi wiki ya tatu akisema lile la muda haliumi na ameanza kulitafunia, toa tena ile karatasi ya rangi: wakati huo mfupa wa zamani umeshaanza kuliwa na mpya haujashika.