Jinsi ya kufunga ubao wa spidi begi nyumbani usitikisike

Vijana wengi wanaojifua ngumi nyumbani hapa Dar wananunua spidi begi (kile kibegi kidogo cha kujaza upepo kinachoning'inia chini ya ubao) Kariakoo, wanalining'iniza kwenye mbao mbili walizopigilia misumari ukutani, halafu wanalalamika kwamba begi ni bovu. Mara nyingi begi halina shida yoyote. Ukipiga ngumi moja, begi linagonga ubao mara tatu: mbele, nyuma, mbele tena, ndipo unapiga nyingine. Ubao ukicheza, nguvu ya ngumi inaishia kutikisa ukuta. Begi linarudi kivivu, kila safari kwa muda wake, na mdundo hauji hata ukikesha. Juzi nimemfungia kijana mmoja wa Mbagala, naandika mambo yakiwa bado kichwani.

Hatua ya 1: Pima urefu wako

Vaa viatu utakavyofanyia mazoezi, simama wima, weka alama ukutani usawa wa kidevu. Sehemu nene ya begi ndiyo inayokaa hapo. Kwa mtu wa sentimita 170 anayetumia begi la kawaida la inchi 6 kwa 9, uso wa chini wa ubao utaangukia karibu usawa wa utosi wake.

Utaulizwa kama fremu iwe ya kupandisha na kushusha ili na wadogo zako watumie. Mimi siipendi hata kidogo. Kila tundu la ziada na kila pini ni mahali pa kuchezea. Funga kwa urefu wa mrefu kuliko wote, wafupi watengenezewe kibao imara cha kusimamia.

Hatua ya 2: Ubao

Kata duara mbili za playwudi ya milimita 18, upana sentimita 60, zigundishe ziwe kitu kimoja. Napendelea ile playwudi ya kumwagia zege, wenyewe wanaiita merini, kwa sababu inavumilia unyevu. Ila ina ngozi ya kuteleza ambayo gundi haiishiki, kwa hiyo kwangua kwa msasa pande mbili zitakazokutana mpaka mbao yenyewe ionekane. Kaza kwa skrubu za milimita 30 kutokea juu, uso wa chini ubaki laini.

MDF na chipbodi usiguse. Unyevu wa pwani unazivimbisha kingo, na tundu za skrubu zinalegea. Mninga ni mbao nzuri sana, lakini ni ghali, na kupata upana huo lazima uunge vipande.

Ubao ukikamilika una kilo 6 au 7. Uzito huo tunauhitaji, kwani ubao mwepesi unarukaruka hata fremu iwe nzuri vipi.

Hatua ya 3: Fremu

Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akutengenezee pembetatu mbili za engo (chuma chenye umbo la L) ya inchi 2. Mkono wa kulala uwe na sentimita 65. Mguu wa ukutani upande juu kutoka kwenye mkono huo mpaka ufike kwenye linta, mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Chuma cha mshazari kitoke ncha ya mbele ya mkono kirudi juu ya mguu. Ziunganishe pembetatu hizo kwa vyuma viwili vya kukatiza, piga redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kisha rangi. Ubao unafungwa chini ya mikono kwa bolti zisizopungua 4, vichwa vikizamishwa ndani ya mbao.

Hatua ya 4: Ukuta

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo soma taratibu.

Ukuta wa nyumba zetu ni tofali za saruji na mchanga, na ubora wake unategemea aliyezifyatua. Nyingine ukizitoboa biti inazama kama imeingia kwenye kifusi. Bolti inayovutwa kila sekunde haiwezi kudumu humo. Lakini nyumba nyingi zina linta, ule mkanda wa zege yenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha, kwenye mita 2 na kidogo kutoka sakafuni. Ndiyo maana pembetatu yetu tumeielekeza juu: uzito ukiwa mbele, bolti za juu ndizo zinazovutwa, na za chini zinasukumwa kuelekea ukutani. Tofali linavumilia kusukumwa. Kuvutwa tuachie zege.

Linta utaipata kwa kufuata mstari wa juu ya dirisha. Usiamini macho, toboa tundu dogo la majaribio. Lipu ya juu haihesabiki, pita hapo kwanza. Vumbi likitoka laini la kijivu na drili inahangaika, uko kwenye zege. Likitoka la mchangamchanga na biti inaingia bila ubishi, hilo ni tofali, panda juu kidogo. Ukisikia mlio wa chuma na unga unang'aa, umekutana na nondo. Usilazimishe, sogea sentimita chache pembeni.

Tumia drili ya nyundo. Ya kawaida itakula biti zako zote na tundu litatoka limepanuka mdomoni. Kama huna, azima au kodi ya siku moja. Biti ilingane na ganda la nje la rawbolti (bolti yenye ganda linalotanuka ndani ya tundu ukiikaza), si na bolti ya ndani. Zungushia utepe kwenye biti kuonyesha kina unachotaka, na kaa mbali na ukingo wa chini wa linta, maana zege ya ukingoni inapasuka ukikaza.

Kisha toa vumbi. Watu wanaruka hili na ndilo linalofanya bolti izunguke bure ndani ya tundu. Chukua pampu ya baiskeli yenye mpira mwembamba, ingiza mpaka mwisho, puliza, kwangua kwa brashi, puliza tena mpaka kisitoke kitu. Fumba macho.

Kila mguu upate rawbolti mbili kwenye linta na moja chini. Zishike zote kwa mkono kwanza, weka pima maji, ndipo ukaze kwa spana kwa kupokezana.

Kama ukuta wako hauna linta, tafuta nguzo ya zege. Ikikosekana, toboa mpaka upande wa pili na ufunge kwa bamba la chuma na nati. Kwenye kenchi usifunge: bati zitapiga kelele mtaa mzima na fremu itayumba. Umepanga? Ongea na baba mwenye nyumba kabla ya kutoboa, na usichague ukuta mnaopakana na chumba cha jirani. Ukuta wa tofali unasafirisha mdundo wote.

Hatua ya 5: Begi

Kishikio cha kuzunguka, kile kinachobeba begi, kikae katikati kabisa ya duara. Chagua chenye kitako cha skrubu nne. Kitone cha mafuta ya cherehani kinatosha, ongeza kila unaposikia kinakwaruza. Anayeishi Kigamboni au Msasani afanye mara nyingi zaidi, chumvi ya bahari haina huruma na chuma.

Lowesha sindano ya pampu kabla ya kuiingiza. Jaza upepo mpaka begi libonyee kidogo kwa dole gumba, basi. Anayeanza achukue begi kubwa, linakwenda polepole.

Sasa mwenzako apige, wewe weka vidole pale chuma kinapokutana na ukuta. Usisikie kitu chochote kikisogea, na milio mitatu ya begi iwe sawa. Ukisikia kishindo cha chuma, kaza bolti za ubao kwanza, ndizo hulegea mapema. Baada ya wiki moja ya mazoezi, pitisha spana kwenye nati zote.