Mbwa Anayerukia Miguu Mitatu: Pia ya Goti Iliyohama

Mbwa anakimbia vizuri, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma. Anaruka hatua tatu nne kwa miguu iliyobaki, anaurusha ule mguu nyuma kama anayekung'uta tope, kisha anaendelea na safari yake. Mwenye mbwa husema mbwa amechomwa na mwiba. Anautafuta mwiba mpaka jioni, hauoni.

Mara nyingi hakuna mwiba. Ni pia ya goti, wengine huiita kilegesambwa (jina lenyewe limebeba mbwa mkiani), iliyotoka kwenye njia yake. Kifupa hicho hupanda na kushuka ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Mfereji ukiwa na kina kifupi, au mifupa ya mguu ikiwa imepinda, pia ya goti huteleza kando na goti hukataa kunyooka mpaka irudi.

Kwa mbwa wadogo, hawa wa manyoya wanaopendwa sana mijini, mara nyingi huzaliwa na kasoro hiyo. Pia ya goti huhamia zaidi upande wa ndani, na si ajabu magoti yote mawili yakawa na shida. Mbwa wetu wa kienyeji, yule anayelinda mbuzi na kufukuza ngedere shambani, tatizo hili halimpati kirahisi. Yeye akichechemea, uliza kwanza habari za bodaboda. Na kama mguu umevimba, unaning'inia, au haukanyagi kabisa, huenda mfupa umevunjika au nyonga imechomoka: huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu akiteguka huitwa fundi wa kukanda, basi na mbwa naye anapelekwa huko huko, anavutwa mguu, anafungwa vijiti. Pia ya goti unaweza kuirudisha kwa mkono, sawa, lakini mfereji wake bado ni ule ule, kwa hiyo itatoka tena kabla mbwa hajafika getini. Niliwahi kuletewa mbwa aliyefungwa goti kwa mpira wa baiskeli. Wakati huo goti halikuwa shida tena. Shida ilikuwa wayo, ambao ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu.

Daktari wa mifugo hulipapasa goti na kulipa daraja, kuanzia 1 hadi 4. Daraja la 1, pia ya goti hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe. La 2, hutoka yenyewe mara moja moja, ikarudi. La 3, iko nje muda mwingi ingawa mkono unaweza kuirudisha. La 4, iko nje na hairudi. Kwa kuwa mbwa anaweza kuchechemea nyumbani na kutembea sawasawa mbele ya daktari, mrekodi video kwa simu. Usijaribu kupapasa mwenyewe: mbwa mwenye maumivu huuma hata anayemlisha, na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, hilo ni balaa jingine.

Daraja la 1 kwa kawaida halihitaji kisu. Mpunguze uzito kama amenenepa (mabaki ya posho na mafuta ya nyama ndiyo huanza kukatwa), asiruke kutoka juu ya kiti au gari, atembezwe polepole kwa kamba. La 2 hutegemea anachechemea mara ngapi. La 3 na la 4 hufaa kupasuliwa, na kwa mbwa mchanga usingoje, maana mifupa inayokua huku pia ya goti ikiwa nje huzidi kupinda, na goti linalosuguka hivyo huishia kwenye baridi yabisi.

Daktari huongeza kina cha mfereji, na pengine huhamisha kipande cha mfupa wa muundi pale kano inaposhikilia, ili mvuto wote unyooke. Kazi hiyo haifanyiki juu ya meza ya duka la dawa za mifugo. Mwombe daktari wa mifugo wa wilaya akuelekeze kwa mpasuaji wa mifupa. Wa mbali, kama Arua huko Uganda, ajiandae kwa safari ya Kampala. Baada ya hapo mbwa hukaa wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, na huo ndio mtihani wenyewe, kwa sababu wiki ya tatu anajiona amepona na wenye nyumba wanamwonea huruma wanamfungulia.

Dawa za maumivu aandike daktari. Panadol, ibuprofen na diclofenac za kwenye kabati lako usimpe: zinaweza kuharibu ini, figo au kumtoboa tumbo.

Mwenye kasoro hii ya kuzaliwa asipandishwe, hata akiwa mzuri kiasi gani. Nawe ukienda kununua kitoto, kabla ya kutoa pesa omba mama yake atembezwe uani, aende na kurudi, umtazame miguu ya nyuma.